Sala ya Jioni Kwenye Meza ya Mizani

Siku mliyoniaga kustaafu, mafundi wangu, mlinipa saa ya ukutani, nami nikawaza kimoyomoyo kwamba mtu asiyekwenda kazini tena ndiye asiyeihitaji saa. Hata hivyo nashukuru, imekaa vizuri juu ya kabati. Kisha mmoja wenu akaniuliza jambo ambalo sikulijibu sawasawa kwa sababu keki ilikuwa mdomoni: kwa nini miaka yote hiyo, kila jioni kabla ya kufunga, niliwasimamisha nyuma ya meza na kuwataka mtaje mlango wa kwanza mtakaoubisha kesho? Wengine mlidhani ni mbinu yangu ya kupanga kazi. Ni kipande cha sala. Nitawaandikia kilikotoka. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyote viwili vilikuwa vidogo na vyote vilichelewa.

Niliingia kwenye karakana ya kutengeneza mizani mwanzoni mwa mwaka 1990, nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Ilikuwa Muhima, kwenye mteremko wa kushukia Nyabugogo, chumba kimoja kirefu kati ya muuza magodoro na fundi wa redio. Nyumbani kwetu Nyamirambo tulizungumza Kiswahili kwa sababu marehemu baba alikuwa dereva wa malori kutoka Bukavu, na Kiswahili ndicho kilichonipa kazi. Wateja wetu walikuwa wachuuzi, madereva na wachinjaji, na kila mmoja alikuja na Kiswahili chake. Mwenye karakana, Mzee Gaspari, alikuwa mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya upande mmoja, na jioni za Jumamosi alifundisha kwaya ya kanisa lao.

Siku ya kwanza aliniwekea mawe mawili ya mizani viganjani, yote yameandikwa nusu kilo, akasema moja limekwanguliwa kwa chini na mchuuzi mjanja. Niseme ni lipi. Nilipima kwa mikono kwa muda mrefu, nikachagua, nikakosea. Akafurahi sana. Alisema mtu anayepatia siku ya kwanza ataanza kuuamini mkono wake, na fundi wa mizani akishauamini mkono wake hafai tena. Akanipa brashi na bakuli la mafuta ya taa, nikasafisha springi hadi mchana.

Fundi mwingine alikuwa Saidi, wa Biryogo, Mwislamu, mtoto wa fundi cherehani ambaye naye alikuwa mjukuu wa mfanyabiashara aliyekuja kutoka pwani. Saidi alikuwa na kofia aliyoivua wakati wa kulala tu, kwa maelezo ya mkewe, na tupa moja nyembamba ambayo hakumwazima mtu. Kwa tupa hiyo alinoa makali ya mhimili wa mizani ya sahani mbili mpaka punje ya mtama ikiangukia upande mmoja uone sahani inashuka. Mimi alinifundisha kwa kunicheka. Nikikosea hakugomba, aliguna tu na kuanza kumsimulia Mzee Gaspari habari za fundi mmoja aliyemjua zamani, na fundi huyo kila mara alikuwa mimi.

Kila siku saa kumi na moja na nusu Mzee Gaspari alishusha mlango wa bati nusu, mwanga ukabaki kuingia kwa chini mpaka kwenye miguu yetu. Kila mtu aliweka mezani kifaa alichokitumia zaidi siku hiyo, akasimama nyuma yake. Mzee alisema, kama anayezungumza na mtu aliyeketi pale, kwamba Bwana, siku imekwisha, tumekuja kukuonyesha mikono. Kisha kila mmoja alisema mambo mawili kwa sauti: kazi aliyoshukuru kuifanya, na kazi aliyoifanya vibaya. Mmoja akimaliza wengine walijibu Amina. Mwisho Mzee aliomba Mungu akae nasi usiku kucha, maana jua limeshuka, na mlango ukashushwa mpaka chini.

Wiki ya kwanza niliona aibu kupindukia. Nilizoea sala za kanisani, ambapo dhambi zinatajwa kwa jumla na mtu anajificha katikati ya watu. Hapa ulikuwa na bisibisi yako mbele na watu wawili wanaokujua. Nilianza kwa kuungama vitu vidogo, kwamba nimemwaga mafuta, kwamba nimechelewa kurudi kutoka kula. Mwanzoni Saidi aliketi kwenye kigoda karibu na mlango akisubiri tumalize, ila siku moja, bila kuombwa, alikuja na tupa yake akaiweka mezani. Alisema anasali mara tano kwa siku na haoni ubaya wa kuongeza ya sita ya karakana. Mzee Gaspari akasogea kumpa nafasi. Tangu hapo Saidi alianza yake kwa Bismillahi na sisi tukamjibu Amina kama kawaida.

Sala ile ilikuwa na sharti moja. Kilichosemwa mezani hakikutajwa tena, si kesho, si kwa utani, si kwa hasira. Mzee aliamini kwamba mtu akijua ataulizwa asubuhi, jioni atasema uongo. Vita vilipoanza Oktoba ya mwaka ule, sharti lile likawa na uzito mwingine. Mzee Gaspari alikuwa Mtutsi, na alichukuliwa kwake na kufungwa kama wengi waliochukuliwa mwezi ule. Aliporudi baada ya wiki kadhaa, vidole viwili vya mkono wa kushoto havikukunjika vizuri. Jioni ya kwanza aliweka mezani koleo, akashukuru kwa kuliona tena, akasema amemchukia mlinzi mmoja ambaye hata jina hakulijua na anaomba asiendelee kumchukia. Nje watu walianza kupeleka kwa wakubwa maneno ya majirani zao. Ndani ya bati lile neno halikutoka, na mimi niliyekuwa nikiona aibu nikawa naingoja saa kumi na moja na nusu tangu asubuhi. Nazikumbuka jioni zile mpaka leo kwa hamu, harufu ya mafuta ya taa, redio ya jirani ikijaribiwa upande wa pili wa ukuta, na sisi watatu nyuma ya vifaa vyetu. Sijawahi kuwa salama kama pale.

Sasa niwaambie kosa langu.

Katikati ya mwaka 1992 kituo kimoja cha afya kule Kabuga, nje ya mji, kilituletea mizani ya watoto, ile ya kuning'iniza yenye uso wa duara na kaptula ya kitambaa anamowekwa mtoto. Springi ilikuwa imekatika. Springi mpya ilikuwa haipatikani, nikachomoa moja kutoka mizani kuukuu ya soko, nikaifunga, nikaurudisha mshale sifuri. Kilichobaki ni kupima kwa mawe, kuanzia kilo moja kwenda juu. Lakini mawe madogo yote Saidi alikuwa nayo Gisimenti, kwa wachinjaji wa nyama choma, na muuguzi wa Kabuga, Konsolata, alikuwa amesimama mlangoni na basi lake linakaribia kuondoka. Nikapima kwa jiwe la kilo kumi peke yake. Mshale ukasimama kwenye kumi. Nikafunga lebo ya karakana, nikampa.

Jioni niliweka bisibisi mezani na kusema ukweli. Nilisema nimepima mizani ya Kabuga kwa jiwe moja tu, na sijui chini ya kumi inasomaje. Wakajibu Amina. Asubuhi nikaamka mwepesi. Sikusahau, msifikiri hivyo. Nililikumbuka vizuri, na kila nilipolikumbuka niliona ni jambo lililokwisha kwa sababu nilikuwa nimelisema mbele ya Mungu.

Wiki saba baadaye mama mmoja aliingia kabla ya mchana, vumbi la barabara ya mashariki mpaka magotini, mtoto mgongoni. Alikuwa na lebo yetu mkononi, ameiomba kwa Konsolata. Watu walimwita Mama Uwera, kwa jina la mtoto huyo wa kike, mwenye miezi sita. Aliuza ndizi mbivu sokoni Kabuga. Hakukaa nilipompa kigoda.

"Kule banasema mutoto iko sawa," alisema. "Kila wiki banasema iko sawa, uji ni ya batoto bembamba. Mimi namubeba kila siku. Mugongo yangu inajua iko napungua. Mumupime na mizani ingine."

Mzee Gaspari alifuta sahani ya shaba ya mizani kubwa ya maharage. Nilivua kitenge changu nikakitandika ndani, tukamlaza Uwera. Hakulia. Alitutazama kwa macho makubwa kuliko uso. Saidi aliongeza mawe upande wa pili, moja moja, taratibu, na kwenye kilo nne na robo sahani zikalingana. Kadi ya kliniki ilisema tano.

Nilimwona Saidi akitazama sakafu na Mzee akivua miwani, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba sikuwa peke yangu. Tulikuwa watu watatu tuliojua kwa wiki saba. Saidi baadaye alisema alidhani Mzee ameshanituma Kabuga kimyakimya. Mzee alidhani nimekwenda mwenyewe. Wote wawili walizuiwa na sharti la meza kuniuliza, na mimi nilidhani kosa limeshapokelewa huko juu na kushughulikiwa. Watu wasiosali wangeweza kunikumbusha asubuhi kwa tusi moja, na mtoto angepata uji wiki ileile.

Nilimwambia Mama Uwera palepale. Nilimweleza habari za springi, za mawe madogo, za basi. Kisha, kwa sababu nilitaka kitu cha kujishikilia, nikamwambia kwamba jioni ile ile nilikiri kwa Mungu.

Alimpandisha mtoto mgongoni na kufunga kitenge kabla ya kunijibu. Hakupandisha sauti.

"Uliambia Mungu," alisema. "Mimi je? Mimi niko Kabuga. Basi iko kila siku."

Mzee Gaspari alifunga karakana mchana kweupe, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Tulipanda basi sisi watatu pamoja na Mama Uwera, mawe madogo kwenye kikapu mapajani mwa Saidi, mazito kweli, na Saidi hakulalamika hata mara moja. Konsolata alipotuona wote kwa pamoja alijua. Tuliitundika mizani dirishani tukaanza na jiwe la kilo moja. Kwenye nne ilisoma karibu tano. Springi ya soko ilikuwa imechoka, inalegea mwanzoni na kukaza mwishoni, na jiwe la kumi pekee lisingeweza kuniambia hilo. Konsolata alikaa kwenye benchi akashika kichwa. Halafu akasimama, maana alikuwa mtu wa namna hiyo, akatoa kadi zote za wiki saba na kuanza kuandika majina ya akina mama wa kuitwa.

Uwera alipewa maziwa na uji kuanzia siku hiyo. Kwa miezi mitatu nilikwenda Kabuga kila Alhamisi, siku ya kliniki, na mawe yangu kwenye kikapu, nikapima mizani kabla mtoto wa kwanza hajawekwa. Hakuna aliyenilazimisha. Mwanzoni Mama Uwera hakunisalimia. Wiki ya tano aliniachia ndizi mbili juu ya benchi, nami nikazila palepale. Wiki ya nane Uwera alipitisha kilo sita na kunipiga teke la pua nilipomtoa kwenye kaptula. Mama yake alicheka. Nililia nyuma ya jengo, na sioni haya kuandika hivyo.

Jioni tuliporudi kutoka Kabuga mara ya kwanza, Mzee Gaspari hakufungua sala kama kawaida. Aliweka mezani lebo yetu, ile aliyoileta Mama Uwera. Alisema ameifanya sala yetu kuwa mahali pa kuachia mizigo, na mizigo yenyewe ilikuwa ya watu. Kuanzia leo, alisema, sharti linabaki, hatutatajiana makosa wala hatutayatoa nje. Ila kila mtu akimaliza kuungama ataongeza jambo la tatu: kesho anaanza kwa nani, na wapi. Mwenye mzigo atajwe kwa jina na mlango wake. Kabla ya hapo hakuna Amina.

"Mungu ametusikia," alisema. "Sasa twende tukasikiwe na mwenye mzigo."

Ikawa hivyo. Saidi alitaja mchinjaji wa Gisimenti aliyemkasirikia bure. Mimi nilitaja muuza magodoro, kwa sababu ambazo hazina maana tena. Asubuhi kabla ya kugusa kazi, kila mtu alikwenda kwenye mlango alioutaja. Ilikuwa adha. Ilituchelewesha, ilitutia aibu mbele ya watu, na mara moja Mzee mwenyewe alifukuzwa na mteja aliyekwenda kumwomba radhi. Alirudi akicheka mpaka miwani ikafunguka waya. Miaka miwili ile mji ulikuwa ukikaza kila siku, vizuizi barabarani, maneno ya chuki redioni, majirani wanaoacha kujibu salamu, na sisi tulikuwa tukizunguka Muhima asubuhi tukiomba radhi kwa mambo ya mawe na springi. Sijui kama tulikuwa wajinga. Najua kwamba niliupenda mji huo wakati huo kuliko nilivyoupenda baadaye, kwa sababu niliujua mlango kwa mlango.

Jumatano ile ya Aprili 1994 ilikuwa siku ya kawaida. Mizani ya Kabuga ilikuwa imerudi kwetu kubadilishwa ndoano, kwa maana ile ya zamani ilianza kufunguka, na kwa wiki mbili ilikaa kwenye rafu ya juu kwa sababu Mzee alikuwa na kazi nyingine. Jioni aliweka mezani koleo lake. Alishukuru kwa mhimili mmoja uliompa shida na kukubali. Akasema amemwahidi Konsolata ndoano, akaisahau, na wale watoto wanapimwa kwa macho.

"Kesho naanza kwa Konsolata, Kabuga," alisema.

Tukajibu Amina. Saidi aliondoka na kikapu cha mawe madogo kwenda nayo nyumbani, kwa vile Alhamisi alipaswa kuanzia Gisimenti. Mzee alishusha bati. Usiku ule ndege ya rais iliangushwa, na asubuhi mauaji yalikuwa yameanza.

Sitaandika miezi ile hapa. Imeandikwa, na mimi mwenyewe nimeisema mahali panapostahili, mbele ya watu wanaostahili. Mama yangu alikuwa Mtutsi. Mimi na yeye tulibaki hai kwa sababu ya chumba cha nyuma cha nyumba ya Saidi na mlango ambao Saidi alikataa kuufungua. Mzee Gaspari na mkewe waliuawa nyumbani kwao siku ya pili. Nilimlilia mtu huyo kama nilivyomlilia baba.

Agosti tulikwenda Muhima, mimi na Saidi. Bati lilikuwa limeng'olewa. Shaba zote zimebebwa, sahani, mawe makubwa, hata bakuli la mafuta ya taa. Kwenye rafu ya juu mizani ya Kabuga ilikuwepo bado, labda kwa sababu haikuwa na ndoano na haikuonekana kuwa na faida. Lebo ilikuwa na mwandiko wa Mzee: Kabuga, ndoano. Saidi aliisoma, akatoka nje akasimama kwa muda mrefu akitazama Nyabugogo. Aliporudi alikuwa na tupa yake mkononi. Tulitengeneza ndoano kwa chuma cha kitanda kilichokuwa uani. Mawe madogo yalikuwa Biryogo, salama, kwenye kikapu kilekile.

Kituo cha Kabuga kilikuwa kimejaa watu waliokuja kutoka kila upande. Konsolata alikuwa hai, mwembamba, ana mvi ambazo Machi hazikuwepo. Aliangalia nyuma yetu, akaona tuko wawili tu, akatufungulia dirisha. Tuliitundika mizani dirishani. Nilianza na jiwe la kilo moja, kisha mbili, kisha nne, Saidi akisoma kwa sauti, na kwenye kila jiwe mshale ulisema kweli.

Akina mama walikuwa wameshapanga foleni. Wa tatu hakuwa mama bali shangazi, na mkononi alimshika mtoto wa kike wa miaka miwili na zaidi. Konsolata aliniambia polepole ni nani. Mama Uwera hakuwepo tena. Shangazi mtu alimkuta Uwera kwa jirani mmoja.

Nilimwingiza kwenye kaptula mwenyewe. Miguu yake ilikuwa mirefu sasa, ikaning'inia karibu kugusa sakafu. Alinitazama kwa macho yaleyale. Nikasubiri mshale utulie, nikausoma mara mbili.

"Kilo tisa na nusu," nikasema.

"Ni kidogo," alisema Konsolata.

"Iko kidogo," Saidi alisema, "lakini iko ya kweli."

Jua lilikuwa likishuka na mwanga wake ukaingia chini ya mlango. Niliweka bisibisi yangu juu ya benchi, Saidi akaweka tupa pembeni yake. Nilisema kwamba Mzee Gaspari alimtaja Konsolata wa Kabuga kuwa ndiye ambaye angeanza naye kesho yake, na sisi tumekuja kwa niaba yake, tumechelewa. Wanawake kwenye foleni, ambao hawakujua ninazungumza juu ya nani, walijibu Amina. Konsolata aliandika tisa na nusu kwenye kadi, akaenda kumchotea Uwera uji.